Ngiri Mwenye Vijia Vyote

Ngano, ngano.

— Na ije.

Ije kwa miguu au kwa mabawa?

— Kwa miguu.

Basi imeshafika, tena ina matope. Sogeeni.

Hapo kale, katikati ya mji mmoja, palikuwa na korongo. Watu walijenga huku na huku, chini wakawaachia wanyama. Humo mlikuwa na vijia vingi, vimekanyagwa na miguu ya wengi. Kimoja kilipita mawe kikafika chemchemi. Hicho ndicho Bi Pimbi alichoshukia na watoto wake kwenda kunywa maji.

Siku moja, ngro ngro, Bwana Ngiri akasimama njiani, meno nje.

"Kijia hiki cha nani?"

"Cha wapitao," akasema Pimbi.

"Changu. Na kile?"

"Cha wapitao."

"Changu. Vyote vyangu. Nikimwona yeyote, namrarua."

Wanyama wakaogopa, wakakaa. Watoto wa Pimbi wakawa wanalamba umande, wanalia kiu. Mama yao aliumia sana, lakini Ngiri si wa kupigana naye.

Korongo lina unyevu, nyasi hazingoji. Kwa kuwa hakuna aliyepita, vijia vikaanza kupotea. Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Bwana Ngiri, shikamoo."

"Marahaba."

"Kijia chako cha chemchemi kiko wapi?"

Ngiri akatazama. Nyasi.

"Na kile cha mkuyuni?"

Nyasi.

"Pole, mzee. Mali inakwenda hiyo."

Ngiri akashtuka. Mnajua yeye hula amepiga magoti. Akapiga magoti palepale, kwachu kwachu, akala nyasi za kijia cha chemchemi. Akakimbilia cha mkuyuni, kwachu kwachu. Kugeuka, cha kwanza kimeota nyasi tena. Akarudi mbio. Hakuthubutu kupumzika.

Nyuma yake Pimbi akashuka na watoto taratibu. Wakanywa, gubu gubu gubu. Swala akafuata. Kobe akafuata.

"Nani anapita?" akauliza Ngiri bila kuinua kichwa.

"Ni sisi, mzee. Tunakukagulia mali yako. Hapa umeacha jani."

"Ahsante," akasema Ngiri, akarudi kulila.

Mpaka leo magoti yake yana sugu, na vijia vyote ni vyake.

Ngano nimeitua hapa, atakaye aibebe. Na funzo lake, wanangu: tamaa ni kitu kizuri sana, hasa akiwa nayo mwenzako.