Fundo la Uzi wa Kijani

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, watu wawili kutoka bohari walibisha hodi mlangoni kwa mke wa karani wao. Mmoja alishika mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na viatu vya mumewe, miwani yake, na ile bisibisi ndogo ambayo haikubanduka mfukoni mwake hata siku za sikukuu. Walisema alikuwa ameketi akihesabu mizigo, akainamisha kichwa juu ya daftari kama mtu anayesinzia, ikawa basi. Mke aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akawakaribisha viti, akaenda jikoni kuwaletea maji. 

Marehemu alikuwa karani wa bohari ili apate mkate, na muunda kompyuta kwa sababu aliipenda kazi hiyo. Maisha yake yote hakununua kompyuta nzima. Alipata ubao mkuu hapa, diski pale, feni kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba, kisha akaketi sakafuni kuviunganisha kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Majirani walimwita Bwana Bisibisi. Mkewe, ambaye alikuwa fundi wa sare na mtarizi wa nembo za shule, alimtania kuliko majirani wote.

"Wenzangu wana wake wenza wa nyama na damu," alikuwa akisema. "Wangu ni wa bati, na anakula umeme."

Hata hivyo, mke mwenza huyo wa bati ndiye aliyemsaidia kuishi. Kompyuta ilikaa chumba kimoja na mashine ya kutarizi, nayo ndiyo iliyoipa mashine michoro ya kufuata. Michoro yenyewe ilizidi mia nne: vitabu vilivyofunguliwa, mienge, tai wenye mabawa, kila mmoja mtarizi ameuchora kwa mkono wake, tundu la sindano baada ya tundu la sindano. Kwa miaka kumi na mmoja kompyuta haikumwangusha. "Yangu haijapata hata mafua," alijigamba mbele ya mafundi wenzake, kana kwamba yeye ndiye aliyeizaa.

Kila Jumamosi asubuhi mumewe alijifungia chumbani humo na brashi ya kupakia rangi. Alitoka saa sita, nywele zimejaa vumbi, uso umetulia. Mke aliamini kwamba alikuwa akicheza. Tangu darasani aliijua methali isemayo, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliijua maana yake pia: kila kinachokwenda vizuri kina mikono iliyokifanyia kazi mahali ambapo macho hayafiki. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuionja ni jambo jingine.

Baada ya mazishi alirudi kwenye kazi yake kama mtu anayerudi kwenye kitanda alichokizoea. Siku za wiki alitarizi. Jumamosi aliufunga mlango wa chumba kile asiusogelee, maana kuiona ile brashi juu ya rafu ilikuwa kama kutiwa kidole kwenye kidonda. Miezi minne ikapita hivyo. Mwezi wa tano feni ilianza kunguruma kama paka mgonjwa. Kisha kompyuta ikawa inajizima yenyewe katikati ya mchoro. Jumanne moja, wakati nembo mia mbili na arobaini zilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu, ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza.

Hapo ndipo mtarizi alipohisi kwamba anafiwa mara ya pili. Nembo mia mbili zingeweza kuombewa radhi. Michoro mia nne ingeombewa kwa nani? Jicho lake halikuwa tena lile la miaka kumi na mmoja iliyopita, na mingi kati ya michoro hiyo aliichora huku mumewe ameketi ubavuni mwake akisema, "Huyu tai wako ana shingo ya kuku. Mnenepeshe kidogo."

Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ukoo mzima ulimwita Najua, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza kwa neno jingine.

"Najua tatizo," alisema Najua hata kabla hajavua viatu. Aliufungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya kaka yake, kisha wote wawili wakainama kutazama. Ndani, mabaki ya nyuzi yalikuwa yametanda kama sufi ya mto uliopasuka: mekundu, ya bluu, meupe, yamezisonga feni na kujaza kila kitundu.

"Shemeji, hapa ulikuwa unafuga kondoo?"

"Ni vumbi la mashine yangu," alijibu mtarizi taratibu. Ndipo alipoelewa brashi ile ilikuwa ya nini. Jumamosi mia tano na zaidi.

Najua alipenga pua, akayatoa yale mabaki, akanusa. Akasema kilichoungua ni pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kiungo. Kesho yake alikuja na jipya, bado lina ung'avu wa dukani. Alichomoa nyaya upande wa sanduku la zamani, akalitoa, akalisukuma jipya mahali pake.

"Nyaya ninaziacha hizi hizi," alisema. "Tazama marehemu alivyozipanga, kama nywele zilizosukwa. Nizifumue za nini? Vichwa vinafanana. Unaona? Vinaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake."

"Sanduku jipya halikuja na zake?"

"Zipo kwenye mfuko, nimeziacha nyumbani. Najua kazi hii, shemeji. Wewe nimulikie tu."

Mtarizi aliinama na tochi. Mwanga ulipopita juu ya nyaya, jicho lake lilinaswa na kitu ambacho mtu mwingine asingekiona. Shingoni mwa kila waya palikuwa na fundo dogo la uzi wa kijani. Uzi wake. Aliujua hata kivuli chake. Ndio ule alioutafuta mwaka mzima, akamsingizia paka wa jirani. Akaligeuza sanduku bovu lililolala sakafuni. Nalo lilikuwa na fundo la kijani, limefungwa kwenye tundu la skrubu.

Najua alikuwa tayari amenyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"Ngoja, shemeji."

"Ningoje nini tena?"

"Uzi huu. Sanduku la zamani lina uzi wa kijani na nyaya zina uzi wa kijani. Hilo lako halina."

Najua alicheka. "Shemeji yangu, umeme hausomi rangi ya uzi."

"Umeme hausomi. Kaka yako alikuwa anasoma." Hakupandisha sauti. "Mimi nikikata suruali tatu kwa mpigo, kila suruali naifunga fundo la rangi yake. Vipande vyote vinafanana. Vinashoneka pia. Ila ukichanganya, mtu anapata suruali yenye mguu wa mwenzake. Alinichungulia nikifanya hivyo miaka yote. Ondoa mkono wako hapo."

Mkono uliondoka. Najua alikuwa na mdomo mwepesi, lakini hakuwa mtu mbaya.

Mtarizi alipanda kwenye kiti, akashusha boksi la vifaa vya mumewe ambalo mara saba alikuwa ametishia kulitupa. Ndani mlikuwa na pawasaplai kuukuu yenye fundo jekundu, pamoja na furushi la nyaya zenye mafundo mekundu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichokatwa kwenye mabaki ya kazi yake, mlikuwa na diski. Ilikuwa imefungwa kwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, wa kijani na mwekundu, na kwenye nyuzi hizo palikuwa na kining'inizo cha kadibodi kama vile vya mizigo ya bohari. Maandishi yalikuwa ya mumewe, yaliyosimama wima kama askari:

"Imeungua. Waya mwekundu kwenye sanduku la kijani. Zinaingia, lakini ndani hazilingani. Kosa langu mwenyewe. Nisirudie."

Chini yake palikuwa na tarehe. Mtarizi alihesabu miaka kurudi nyuma. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kazi yake ya kutarizi kwa mashine, ile wiki ambayo kompyuta "ilipelekwa kusafishwa", na mumewe akawa anakula kwa shida. Aliporudi nayo michoro yote ilikuwamo, akasema imesafika. Kumbe alikuwa ameikusanya upya, mmoja mmoja, kutoka kwenye diski ndogo walizopelekewa wateja kuikagua michoro. Tangu hapo akaongeza diski ya pili ndani ya kompyuta, ya kunakili kila kitu.

Najua alikisoma kining'inizo mara mbili. Akachungulia ndani ya kompyuta, akaufuata waya kwa kidole. Diski zote mbili zilikuwa kwenye waya mmoja.

"Zingeondoka zote kwa mpigo," alisema. Akaketi sakafuni. Karatasi ya maelezo ya sanduku jipya alikuwa ameiweka chini ya kikombe chake cha chai, akaivuta, ikiwa na duara la chai katikati, akasoma kwa sauti ya chini: "Tumia nyaya zilizomo humu tu." Kisha akasema, "Shemeji, hili sikulijua."

Lilikuwa neno ambalo ukoo mzima ungelipia kiingilio kulisikia.

Alikwenda kwake, akarudi na mfuko wa nyaya. Safari hii alifanya kazi bila maneno, na mtarizi alimulika. Walipomaliza, ni yeye mtarizi aliyebonyeza swichi. Feni zilivuta pumzi. Ikatoka sauti moja fupi, kama mtu anayekohoa kabla ya kusalimia, kisha skrini ikafunguka. Michoro ilikuwamo. Tai walikuwamo, na yule mwenye shingo ya kuku pia, kwa sababu marehemu aliihifadhi nakala yake ya kwanza ili amcheke. Mtarizi alishusha pumzi aliyoibeba tangu Jumanne, pengine tangu ile Alhamisi. Alicheka, akalia, akacheka tena. Najua akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

Nembo mia mbili na arobaini zilifika shuleni Ijumaa. Nyaya mpya zina mafundo ya uzi wa njano, na sanduku lake lina fundo la njano. Siku za Jumamosi asubuhi mtarizi hapokei wateja. Huufunga mlango, huishusha brashi kutoka rafuni, hupangusa feni, hunakili michoro, na saa sita hutoka akiwa na vumbi kichwani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.