Mgeni wa Pango la Njano

Nikiita "Bahari", nanyi niitikieni "Ina wenyewe".

Bahari!

Ina wenyewe!

Hapo kale, kale mno, Kaa ndiye aliyegawa koo za visamaki wa mwambani. Kila bamvua, maji yakijaa, alikaa akiwatazama wapitao.

"Wewe wa njano, pango la njano. Wewe wa kahawia, pango la kahawia. Pita. Pita."

Aliyepitishwa na Kaa hakuulizwa tena. Ndiyo ilikuwa mila yao.

Katika pango la njano aliishi Mwanasiti na wanawe watatu. Bamvua moja akaingia mgeni, mpole, wa njano kama wao. Watoto wakamwita Mjomba.

Siku ya kwanza, mtoto mmoja hakuonekana. Wakatafuta, Mjomba naye akatafuta.

"Pole, dada," akasema. "Bahari hutoa, bahari huchukua."

Siku ya pili, mtoto wa pili hakuonekana. Mjomba akalia kuliko mama mtu. Kisha akaanza kuimba polepole. Mwanasiti akaganda. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea wanawe, na hakuwahi kumwimbia mwingine.

"Umeujulia wapi wimbo huo?"

"Nausikia, dada," akajibu Mjomba. "Hata sasa nausikia."

Tumbo la Mjomba likacheza kidogo, kisha likatulia.

Mwanasiti akakimbilia kwa Kaa. "Bwana Kaa, yule si wetu."

"Si wa njano?"

"Ni wa njano."

"Basi ni wenu. Mimi natazama ngozi, bibi. Ya tumboni hayanihusu."

Akarudi. Saumu, mwanawe wa mwisho, akamnong'oneza: "Mama, mbona baba zetu wote hupepea mayai kwa mapezi yao, na Mjomba huyatazama tu?"

Mwanasiti hakulala, akiwaza kama njano ya Mjomba ni ya kuzaliwa au ya kuvaa. Siku ya tatu akawaambia jamaa zake, "Leo tukacheze ngoma kwenye mwani wa kahawia."

"Kwa watu wengine huko? Umechoka kukaa kwako?"

"Twendeni tu."

Wakaenda. Mjomba akawafuata, ubavuni mwa Saumu. Wakacheza asubuhi, wakacheza mchana. Katikati ya mwani ule visamaki wa njano waling'aa vilevile, maana rangi yao ndiyo waliyozaliwa nayo.

Mmoja tu alianza kufifia. Mkia ukawa wa kahawia. Mbavu zikawa za kahawia. Njano ikabaki kwenye uso tu, uso ule mpole, ukitabasamu.

"Dada," akasema, "mbona mnanitazama hivyo?"

Ngoma ikanyamaza. Mwanasiti akamvuta Saumu nyuma yake. Jamaa zake wote wakajipanga mbele, meno nje. Mgeni akarudi nyuma taratibu, uso nao ukageuka kahawia, akapotelea mwanini.

Mwanasiti akawakimbilia wa pango la kahawia. "Jamani, fungeni mlango. Yuko mgeni."

Wakamcheka. "Mgeni gani? Leo ameingia mmoja tu, na ni wa kahawia kama sisi. Kaa mwenyewe kampitisha. Tena ana sauti nzuri. Sikiliza."

Mwanasiti akasikiliza. Ndani ya pango, watoto wa wenzake walikuwa wakifundishwa wimbo wake.

Ndiyo maana nawaambia: rangi huvaliwa, mwenendo hauvaliki. Anayewapanga watu kwa ngozi humfungulia mlaji mlango.

Hapa hadithi yangu imezama. Atakayeizamia, azame macho wazi.

Bahari!

Ina wenyewe.