Mgongo wa Mize

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Mwenye masikio ayalete, mwenye usingizi auache uani. Ilikuwa enzi, nanyi semeni ikawa. Enzi ile bahari ilikuwa karibu zaidi na milango ya watu. Palikuwa na mji ukiitwa Mwambawima, na watu wa Mwambawima walikuwa na desturi yao ya kununua mashua kuukuu.

Hukuzigonga mbao, wala hukumuuliza muuzaji, maana muuzaji ana ulimi. Ulivaa nguo nyeupe kavu, mashua ikasukumwa majini, ukalala ndani chali juu ya mbao tupu mpaka maji yaanze kupwa. Ukiinuka, wazee wanakuangalia mgongo. Mkavu? Nunua. Umelowa? Asante, kwaheri. Waliita kuilalia mashua.

Serikali ya Liwali ikaona hilo halifai. Kwa nini? Msiniulize mimi, iulizeni serikali. Tangazo likasomwa sokoni na mtu mwenye sauti nzuri: mnunuzi yeyote atakayelala ndani ya chombo ni mzururaji, atakamatwa. Badala yake pamewekwa Mkaguzi wa Vyombo, naye atapiga muhuri mwekundu ubavuni mwa kila mashua iliyo salama. Na ili muhuri uonekane vizuri, kila mashua ipakwe kwanza shahamu, ile chokaa iliyokandwa kwa mafuta, iwe nyeupe pe.

Mmenielewa, wajukuu? Kwanza ziba matundu yasionekane. Halafu kagua.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye viatu. Majini hakukanyaga, viatu vilikuwa mali ya serikali. Alisimama pakavu, akaitazama mashua, mashua ikamtazama, muhuri ukapigwa.

Basi katika mji huo alikuwako Mize na mumewe Vuai. Mama yake Mize alikaa Rasini, ng'ambo ya ghuba. Kwa miguu ni kuizunguka mikoko kutwa nzima. Kwa tanga ni kwenda asubuhi na kurudi kabla jua halijachwa. Vuai akataka mashua ndogo. Wakaenda kwa Dadi, muuza vyombo, wakakuta mbili: moja ya kahawia, tanga lake viraka vitupu, na moja nyeupe kama yai.

"Hii ya kahawia aliilalia marehemu baba yangu," Dadi akasema. "Mgongo ulitoka mkavu. Ila haina muhuri, na Mkaguzi hakagui tena mpaka Ramadhani iishe."

"Na nyeupe?" Mize akauliza.

"Nyeupe ina muhuri."

"Nimekuuliza inavuja?"

"Shemeji, nami nakujibu: ina muhuri."

Mize akatia mguu mmoja ndani. "Vuai, niache niilalie."

"Mize! Watu wanatazama. Mke wangu akamatwe kwa uzururaji, uso wangu niuweke wapi? Tena mbele ya muhuri wa Liwali!"

Mize akautoa mguu. Akanyamaza. Hapo pashikeni, wajukuu: akanyamaza.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Wakatembelea fungu la mchanga, wakaokota kome, wakacheka. Shahamu ilikuwa bado mpya. Kisha, Ramadhani ilipokaribia, Vuai akaenda peke yake kumchukua mama mkwe aje afunge nao. Mize akapika ndizi za nazi, anazozipenda mama yake, akazifunika kawa, akakaa kizingitini.

Hapakuwa na dhoruba. Ningewaambia palikuwa na dhoruba mngepata wa kumlaumu. Bahari ilitulia kama maji ya mtungi. Watu wa Rasini waliwaona wakiondoka, mama kapakata kuku wake kikapuni. Katikati ya ghuba mashua ikashuka taratibu, kama mtu anayekaa kitako. Walipofika pale kwa ngalawa, walikuta kikapu.

Siku zilizofuata ukapwelewa ubao mmoja wenye muhuri. Mkaguzi akaja, akauchunguza kwa makini, kwa mara ya kwanza.

"Muhuri haujapasuka," akasema.

Ikaandikwa kwamba chombo kilikuwa salama, na kwamba waliokufa walifia nje ya chombo.

Mize akakaa eda. Alipotoka, akaivaa nguo yake nyeupe, akashuka pwani kwa Dadi, akajilaza ndani ya kila mashua iliyotaka kuuzwa. Askari akaja mbio.

"Bibi, unanunua?"

"Sinunui."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Sasa humo unafanya nini?"

"Naomboleza."

Askari akalipitia tangazo juu hadi chini. Kuomboleza hakukuwamo. Akaenda zake. Tangu hapo wanunuzi wakawa wanasimama mbali, wanaangalia mgongo wa Mize, wanaamua.

Asubuhi moja akaja mtu kavishika viatu mkononi. Mkaguzi. Alihamishiwa mji wa mbali, na mbele yake ilikuwa mashua nyeupe, muhuri wake mwenyewe ubavuni.

"Bi Mize."

"Naona."

"Watapanda wanangu."

Mize akaivua kanga yake, akaiweka ukingoni. Akaingia, akalala. Maji yakaja, kwanza kiunoni, baridi kama kidole cha maiti, kisha mabegani. Akamkumbuka Vuai. Akakumbuka kikapu. Kanga yake ilikuwa ukingoni, kavu; angejitanda tu akasema pakavu, nani angebisha? Akalala vile vile mpaka maji yakaanza kupwa.

Kisha akainuka. Kanga hakuigusa. Akatoka, akasimama mbele ya Mkaguzi, akageuka, akamwonyesha mgongo. Nguo ilikuwa imemganda, maji yanachuruzika mpaka kwenye miguu mitupu ya yule bwana.

"Asante," Mkaguzi akasema.

Mize hakugeuka. Mkaguzi akaondoka na ile ya kahawia isiyo na muhuri, na wanawe wakafika.

Funzo lake? Mkionyeshwa alama nzuri, ulizeni nani aliyelowa ili ipatikane. Na mkishalijua la kusema, semeni, hata kwa yule msiyetaka kumtazama usoni.

Kisa nimekifikisha ufukoni, wajukuu. Kikivuja, zibeni wenyewe. Mimi naingia ndani kulala, kabla hawajalitolea tangazo.