Bitana ya Bafta

Kwa jina la Mola aliyeuumba upepo akauficha machoni, tukaujua kwa majani yanayotikisika na kwa vifua vinavyopanda na kushuka. Rehema na amani ziwafikie wajumbe Wake wote, waliopokea wakapokeza. Kisa hiki asili yake ni Korogwe. Mwanzo wake ulisimuliwa na Bi Tunu, mjane wa fundi Mkanza, aliyeuona kwa macho yake. Mwisho wake ulisimuliwa na mwenye kisa mwenyewe. Maalim Zuberi wa Vugha aliwasikiliza wote wawili, akakikabidhi kwa wanafunzi wake kama alivyokipokea.

Mtu mmoja alikuwa na gari alilorithi kwa baba yake. Jina lake Nasibu Shekiondo, mshona nguo, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, ndiye aliyeitwa katika nyumba za misiba kukata sanda. Gari lile lilikuwa dogo, mgongo wake umeviringana kama wa kobe, rangi yake ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Baba yake, aliyekuwa bwana afya, alilipandisha milimani na kulishusha kwa miaka thelathini akichanja watoto. Siku alipofariki, Nasibu aliikata sanda yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalisukuma gari chini ya banda la mabati, akafunga. Likakaa humo miaka kumi na tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Vumbi jekundu la mashamba ya mkonge liliingia polepole, likatua juu yake kama usingizi.

Ndipo macho ya mama yake, Bi Mwanaidi, yakaanza kuzimika. Tabibu wa macho alisema kuwa nuru iliyosalia ni ya miezi, si ya miaka. Bi Mwanaidi hakulia. Aliomba jambo moja tu: apelekwe Mtae, ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, alikozaliwa, ambako asubuhi mawingu hulala chini ya miguu ya watu, ayatazame mara moja tena. Na apelekwe katika gari lile, kwa kuwa ndilo lililomteremsha kutoka huko akiwa bibi harusi. Nasibu akamwambia kwamba mabasi ya Mtae yapo kila siku.

"Basi ni la watu wote, baba," mama yake akamjibu. "Mimi nataka dirisha langu."

Nasibu akafungua banda. Yeye alijua sindano na uzi, magari hakuyajua. Aliwaita mafundi wa karibu na stendi, wakafungua mbele wakakuta buti tupu, wakafungua nyuma wakakuta injini, wakatafuta rejeta ya maji ya kupozea kila upande wasiione. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mzee, hili lilizaliwa bila figo! Liuze chuma chakavu, ununue cherehani mpya." Wakaondoka, naye akabaki ameshika kufuli mkononi.

Aliyemfaa alikuwa jirani yake, Bi Tunu, muuza maandazi. Marehemu mumewe alitengeneza magari ya namna hiyo maisha yake yote, na yeye ndiye aliyekuwa akimmulikia. "Nimeshika kurunzi miaka thelathini," alisema, akivuta kigoda chake mpaka mlangoni pa banda. "Mkono ulichoka, lakini macho yalisoma."

Kwa miezi mitatu alikaa pale kila alasiri, asiguse chuma hata kimoja, akamwongoza Nasibu kwa maneno. Alimkataza kabisa kuliwasha. Aliyelala miaka kumi na tisa, alisema, haamshwi kwa kofi. Kwanza atoe plagi, adondoshee oili kidogo katika kila tundu, asubiri siku tatu, kisha aizungushe injini kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Nasibu akafanya hivyo. Ilipokubali kuzunguka, pumzi nyembamba ilimpuliza vidoleni kutoka katika matundu yale, naye akadhani amenusa spiriti ya sindano za baba yake. Kisha akamwaga oili ya zamani, nyeusi na nzito kama asali iliyoungua. Akaosha kutu tangini. Akabadilisha mipira ya petroli iliyokuwa ikivunjika kama mkate mkavu. Akaisafisha kabureta, akafunga mkanda mpya wa feni. Naye Bi Tunu hakuruhusu ufunguo uguswe mpaka breki zote nne zimepona, kwani anayejifunza kwenda kabla ya kujua kusimama haendi, anaporomoka.

Siku ya mwisho alimwonyesha mistari ya matundu iliyochongwa nyuma, juu ya kifuniko cha injini. "Gari hili halinywi maji, mwanangu. Linavuta pumzi. Upepo unaingia hapa, feni inauchukua, unapita juu ya chuma cha moto, unatoka zake. Na upepo hauwekwi akiba. Hujazi leo ukatumia kesho. Pengine pote tia mkono wako. Hapa usitie."

Kisha likawashwa. Lilikohoa moshi wa buluu, likanyamaza, likakohoa tena, halafu likashika sauti yake ile ya zamani, kavu na ya haraka, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Jikoni, Bi Mwanaidi aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Shekiondo amerudi," alisema, kwa sauti ya mtu asemaye ndotoni, na hakuna aliyemsahihisha.

Tangu siku hiyo Nasibu alilipenda gari lile kupita kiasi, na mapenzi yale yakamzalia hofu. Alilifuta asubuhi na jioni. Chembe ya vumbi ikitua juu yake aliiona kama doa katika kanzu ya Idi. Mafundi wa stendi walikuja kulitazama wakiwa wamenyamaza, naye akasimama kando kama anayelinda mtoto asitiwe kijicho. Siku moja kabla ya safari, baada ya swala ya alasiri, alifunua nyuma akaona unga mwekundu umetanda juu ya injini aliyoisafisha kwa miezi mitatu. Akaifikiria njia ndefu ya milimani. Moyo wake haukustahimili.

Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kipande cha bafta nyeupe, salio la sanda ya baba yake. Kwa miaka yote hiyo hakukikata kwa ajili ya maiti mwingine yeyote, tajiri wala maskini. Hakuwa na kitambaa bora zaidi duniani. Alikikunja mara mbili, akakitia ndani ya kifuniko cha injini, chini ya matundu yale, akakishona kwa kupitisha uzi wa nta katika matundu hayo hayo, kwa mishono midogo isiyopitisha hata ukucha, kama fundi anavyolitia koti bitana. Hakumwuliza Bi Tunu. Alipomaliza, alirudi nyuma hatua mbili akaitazama. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na uzuri wake ndio uliompoteza.

Waliondoka baada ya alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Kutoka Korogwe mpaka Mombo barabara ni tambarare, na gari lilikwenda kama linaloteleza juu ya maji. Walipoiacha tambarare na kuanza kupanda, milima iliwafungukia kona baada ya kona. Bi Mwanaidi alikaa mbele, uso wake dirishani, akiitambua njia kwa jinsi mwili wake ulivyolala kushoto na kulia. Alisema hapa palikuwa na daraja la mbao. Alisema hapa baba yako alisimama akanichumia ua, likanyauka kabla hatujafika chini. Nasibu alisikia kama anasikia kwa mbali. Ilimjia kuwa nyuma yao amekaa mtu wa tatu, na hakugeuka, asije akamkosa.

Karibu na Soni, mahali mto unapoanguka kutoka mwambani, sauti ya injini ilinenepa. Ikaja harufu ya oili, kisha harufu nyingine asiyoifahamu. Gari likaishiwa nguvu, likatambaa, likazima. Nasibu alivuta breki, akashukuru kwamba zipo.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la kabichi alisimama. "Kobe wenu kachemka, mzee! Ngoja nimteremkie maji, mto si huo?" Akarudi na ndoo imejaa pomoni. Nasibu alifunua nyuma. Joto likampiga usoni, akarudi nyuma, kisha akaipokea ndoo. Alikuwa amesahau kila alichofundishwa. Alikumbuka moto tu, na kwamba moto huzimwa kwa maji.

Bi Mwanaidi alikuwa ameteremka. Alikuja akipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, mpaka mkono wake ukafika ndani ya kifuniko kilichofunuliwa. Hapo ukasimama. Vidole vikatembea juu ya kitambaa kilichobabuka, vikaufuata mshono. Mshono aliutambua, maana yeye ndiye aliyemfundisha Nasibu kushika sindano. Na bafta aliitambua, maana yeye ndiye aliyeinunua.

"Sanda ya baba yako ulikwisha kuikata, Nasibu," alisema. "Hii ya pili, unamkatia nani?"

Nasibu akaiweka ndoo chini. Alichukua mkasi wake mdogo wa mfukoni, akaufumua mshono wote, uzi kwa uzi, vidole vikiungua. Kitambaa kilipotoka, upande mmoja ulikuwa mwekundu kwa vumbi na upande wa pili mweusi kwa moto. Vumbi lote alilolihofu lilikuwa pale, limezuiwa kama alivyotaka. Na pamoja nalo ulikuwa umezuiwa upepo.

Wakangoja. Kulikuwa hakuna la kufanya ila kungoja, kwa kuwa chuma cha namna ile hupozwa na hewa na subira tu, maji yangekipasua. Upepo ulipanda kutoka bondeni ukiwa na manyunyu ya mto, ukapita ulipotakiwa kupita. Injini ililia ti, ti, ti, kama matone ya paa baada ya mvua, kila mlio mbali zaidi na uliotangulia. Nasibu hakujua kama ni mlio wa kinachopoa au wa kinachokufa. Mama yake alikaa juu ya jiwe akivuta uradi. Mwenye kabichi, aliyekuwa na haraka zake, aliona haya kuondoka. "Lisipowaka, mama," alisema, "nitamwaga kabichi hizi nikupandishe kwa toroli. Ila kona nitazipiga mwenyewe, usinifundishe." Bi Mwanaidi akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Baada ya adhuhuri Nasibu aliketi, akasoma Bismillahi, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya. Mara ya tatu kinu kile kitupu kikaanza kutwangwa, kwanza kwa kusitasita, kisha sawasawa.

Walifika Mtae jua likizama, wakalala kwa jamaa zao. Asubuhi Nasibu alilisogeza gari mpaka ukingoni, upande wa mama yake ukitazama bondeni. Mawingu yalikuwa yamelala chini yao, meupe mpaka mwisho wa dunia. Bi Mwanaidi alifungua dirisha lake, akautoa mkono nje, akavitawanya vidole upepo upite katikati. Alikaa hivyo muda mrefu. Nasibu alitamani kumwuliza kama weupe anaouona ni wa mawingu au ni wa macho yake, akaogopa.

"Naona," alisema mama yake, hali amefumba macho.

Waliporudi Korogwe, injini ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Nasibu aliifuta kwa kitambaa, na kesho yake likaingia vumbi jingine, akalifuta tena. Hivyo ndivyo baba yake alivyofanya kwa miaka thelathini.

Basi, ewe uliyerithi imani, au elimu, au jina jema la wazazi wako, ukakaa ukilihofia vumbi la njia: bitana uliyoishona kwa mapenzi yako yote, imeukinga urithi wako, au imeuziba pumzi?

Mola awabariki mliotega sikio. Akifungue kilichozibwa vifuani mwenu, ayape macho yenu nuru hata yatakapofumbwa, na pumzi Aliyowaazima aipitishe ndani yenu kwa upole, mpaka siku atakapoitaka. Amina.