Dari Lililonyamaza

"Mchoma siafu hulala na nyoka." Mmenisikia nikimwambia hivyo baba yenu na kopo lake la mafuta ya taa, nanyi mkaangua kicheko. Haya, endeleeni kupukuchua maharage huku mnasikiliza, maana aliyeyasema kwanza maneno hayo hakuwa anacheka. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huku kwetu milimani, masika yakiingia, siafu walikuwa wageni wa kila nyumba, na hakuna aliyegombana nao. Mlango uliachwa wazi, kuku wakatolewa bandani, mtoto akabebwa, wenye nyumba wakaenda kushinda kwa jirani. Wakirudi, nyumba safi! Mende hakuna, papasi hakuna, panya hakuna.

Basi palikuwa na Nakunda, mkewe Mrindoko. Mume alikuwa fundi hodari wa kujenga, ila mbishi huyo, msiseme! Walikaa miaka mingi bila mtoto, hata Mungu akawajalia Mbazi. Mrindoko akamtengenezea kitanda kidogo karibu na dirisha, chini ya dari walipoweka mahindi.

Siafu walipofika mwaka ule, Nakunda alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Mumewe akagoma.

"Nyumba nijenge mimi, halafu nihamishwe na wadudu?"

Akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Akaufuata msafara mpaka kwenye shimo lao ukingoni mwa mfereji, akawamwagia maji yanayochemka. Mama yake alishika kichwa. "Mwanangu, umewachoma wafagiaji!" Mrindoko akacheka tu.

Haukupita muda, panya wakaanza. Walikimbizana darini, wakatoboa magunia, na mmoja akamng'ata Mbazi kidole cha mguu. Nakunda alilia kwa uchungu. Wakaazima paka, naye akaelemewa.

Kisha kiangazi kikiwa kimekolea, dari likanyamaza. Kimya! Mrindoko akatamba, "Umeona, mama Mbazi? Wamejiondokea wenyewe." Nakunda alishukuru, lakini moyo wake haukutulia, maana yule paka sasa alikuwa hataki hata kukanyaga kizingiti.

Masika yakarudi, na siafu wengine wakatokea ng'ambo ya mfereji. Mrindoko akachukua kopo lake. Nakunda akasimama mlangoni, Mbazi mgongoni.

"Ukiwasha, narudi kwa baba yangu na mwanangu."

"Kwa ajili ya siafu?"

"Kwa ajili ya kidole cha mtoto huyu."

Majirani walikuwa wanatazama. Mrindoko akaona haya, akaweka kopo chini. Siafu wakaingia, nyumba ikawa nyeusi tii.

Mara kitu kikaanguka kutoka darini, puu! Nyoka huyo, fira, amefunikwa na siafu, anajipigapiga sakafuni. Lo! Watu wakapiga yowe. Kabla hawajanyamaza akaanguka mwingine, mnene, tumbo limejaa panya.

Lakini macho ya Nakunda yalikwenda dirishani, kwenye kitanda cha Mbazi. Godoro la majani makavu lilikuwa linatikisika, na hakuna aliyeligusa. Kichwa kikachomoza pale pale anapolaza kichwa mtoto.

"Mungu wangu!" Nakunda akapiga kelele. "Asubuhi nimemtoa hapo! Hapo hapo!"

Mrindoko akakaa matopeni. Kumbe panya hawakuhama. Walikuwa wameliwa, na walaji wao walikuwa wamehamia ndani, hakuna tena wa kuwatoa.

Nakunda akamshusha mtoto, akampapasa mwili mzima, shingo, mbavu, nyayo, hata akaridhika kuwa ni mzima. Ndipo akamgeukia mumewe, akasema maneno ambayo majirani waliondoka nayo siku ile:

"Baba Mbazi, mchoma siafu hulala na nyoka."