Pimbi na Makontena Mawili ya Maji

Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana maana wanyama walikuwa wameshanunua kompyuta, ukame ulikausha mto wote. Yakabaki maji ya kisima tu, yanavutwa na pampu, na pampu inaongozwa na kompyuta.

Hapa sikilizeni vizuri, wajukuu zangu. Mahodhi ya kunywea yalikuwa mawili, la wanyama wakubwa na la wadogo. Kila hodhi lilikuwa na programu yake ya kulifungulia maji, na kila programu ilikaa ndani ya kontena lake, kama wake wenza wawili, kila mmoja na jiko lake: huyu akizima moto, wa mwenzake unawaka vilevile. Makontena hayo huyaoni wala huyashiki. Unayaamuru kwa kuandika kwenye kioo cheusi: washa, simamisha. Na mwenye vidole vya kuandika alikuwa Pimbi peke yake.

Jioni moja Kiboko akaja, tii, tii, ardhi inatikisika. Akasema maji hayatoshi, kesho kontena la wadogo lisimamishwe. Pimbi akamweleza kuwa Digidigi ana mtoto mchanga na maziwa yameanza kumkauka. Kiboko akacheka mpaka mashavu yakacheza.

"Likishasimama," akasema, "atakayeliwasha kabla ya mvua nitamkanyaga."

"Na ukiniomba wewe mwenyewe, bwana mkubwa?"

"Hata mimi usinisikilize."

Pimbi akaitikia kwa adabu, akarudi kwenye kioo chake. Akaandika amri ya kubadili majina: lililoitwa Wakubwa likawa Wadogo, na Wadogo likawa Wakubwa. Makontena wala hayakushtuka. Maji yalitiririka chururu kama kawaida, maana programu iliyo ndani haijui huku nje inaitwaje.

Asubuhi wanyama wakajaa. Kiboko akatangaza katazo lake, kisha, kwa kuwa hamwamini Pimbi, akataka aonyeshwe makontena yanayofanya kazi. Yakatokea majina mawili. Akamwamuru Pimbi aandike, huku yeye akisoma herufi moja moja: simamisha Wadogo. Kitufe cha mwisho akakibonyeza mwenyewe kwa pua. Pu.

Maji yakakatika. Ya hodhi la wakubwa.

Kule kwa wadogo, chururu, chururu. Kiboko akatazama huku, akatazama kule.

"Pimbi, liwashe lile."

"Nikanyagwe?"

"Nani akukanyage?"

"Wewe, bwana mkubwa."

Nyati, koo limemkauka, akamkumbusha Kiboko kuwa pua iliyobonyeza ni yake, wote wameiona. Kiboko akavumilia mpaka adhuhuri, ngozi ikaanza kupasuka. Ndipo akasogea, akasema kwa sauti ndogo kwamba katazo limefutwa na hakuna tena wa kukatiwa maji.

Kobe akadai hakusikia vizuri.

Kiboko akarudia kwa sauti, wote wakasikia. Pimbi akaandika washa, maji yakaja, na mtoto wa Digidigi akajitumbukiza humohumo kwenye hodhi la wakubwa akaoga. Hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Basi, wajukuu zangu, usimkatie mdogo maji kwa kuwa tu una nguvu, maana kiu inaweza kuanza na wewe.