Makapu Mawili ya Bibi Nyanzala

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa nchi, na nchi ina watoto!
Basi watoto wasogee karibu. Tuwataje kwanza waliokuwepo.

Siku hiyo, barazani, alikuwepo Mtemi Lugendo, mtawala wa nchi. Alikuwepo Kasubi, mtunza ghala. Alikuwepo Bibi Nyanzala, mtafuta dawa. Alikuwepo Milembe, mama kijana, na mgongoni kwake binti yake Wande, wa miezi saba. Huyo naye tumhesabu. Ndiye aliyekuwa na kubwa la kupoteza kuliko wote.

Hapo kale, kila masika, homa ilikuwa ikija katika nchi ile. Inakuja, inachukua watoto, inaondoka. Mtemi akaagiza: kila mwezi Bibi Nyanzala apewe makapu mawili ya mtama wa ghala la nchi, moja lake, moja la mbuzi wake. Asilime. Atafute dawa tu. Bibi akachimba mizizi, akachemsha, akawanywesha mbuzi walioshikwa na homa ile ile. Mbuzi akifa, alikufa kichwa chake kimepakatwa na Bibi. Hilo mimi silisahau.

Mwaka wa sita mvua ikawa haba. Siku hiyo, barazani, Kasubi akasimama.

"Bibi, miaka sita unakula mtama wa nchi. Una nini mkononi?"

"Bado, baba."

"Una nini mkononi?"

"Bado."

"Nakuuliza mara ya tatu, mbele ya Mtemi. Una nini mkononi?"

Bibi akafungua viganja. Vilikuwa vitupu, vimekuwa vyeusi kwa magome. "Bado."

"Mtemi, umesikia. Hata mganga wa mvua hutuletea kiwingu kimoja!" Watu wakacheka. "Makapu yale yabaki ghalani."

Mtemi akainamisha kichwa. Alikuwa karibu kukubali.

Milembe akatoka mbio. Nawaambieni, wenzangu, mama huyu alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja. Na katika msiba ule, Bibi Nyanzala ndiye aliyemchotea maji siku tatu, bila kusema neno.

Aliporudi alikuwa na vibuyu vitatu. Akavipanga mbele ya mtunza ghala.

"Baba Kasubi, Bibi akirudi kulima, homa ikamshika huyu wangu, nitachemsha nini? Nitachemsha mzizi wowote, kama mama yeyote. Leo nimechemsha mitatu. Nasikia mmoja unaua. Chagua, unywe."

Kasubi akanyoosha mkono kwenye cha kwanza, akaurudisha. Akanyoosha kwenye cha pili, akaurudisha. Kwenye cha tatu hakunyoosha kabisa.

"Sasa nitajuaje, binti yangu?" Akageuka. "Bibi, kipi kinaua?"

"Kumbe yupo wa kuulizwa!" akasema Milembe. "Mizizi arobaini ameijaribu, baba. Arobaini hiyo hakuna mama atakayempa mtoto wake tena. Hicho ndicho alicho nacho mkononi. Wa arobaini na moja nani atautafuta?"

Wande akaguna mgongoni.

Bibi Nyanzala akanusa cha kwanza, akaonja. Akanusa cha pili, akaonja. Akanusa cha tatu, akaonja, akatabasamu.

"Majani ya mkwaju. Vyote vitatu. Mtoto una hila wewe!"

"Ningeletaje sumu karibu na Wande?"

Mtemi akainua kichwa. "Makapu yataendelea kutoka," akasema. "Mvua inyeshe, isinyeshe."

Kasubi akakichukua kibuyu kimoja, akakinywa chote kwa aibu. Kisha akaenda ghalani, akarudi na makapu mawili, moja kila bega. Hakutuma mtu. Akayabeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa Bibi.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mtoto amfunike miguu.

Mnasemaje? Na dawa je?

Ilipatikana mwaka wa kumi na moja.